Avantasia ni bendi au ni nini? Jibu kwa mpiga kibodi wa Mbale

SWALI: Habari ya kazi mzee. Mimi napiga kibodi huku Mbale, Uganda. Rafiki alinirushia albamu inaitwa The Metal Opera ya Avantasia, sasa nimenasa kabisa ila sielewi, kila wimbo sauti zinabadilika, sijui nani ni nani, mmoja ananiambia hiyo ni bendi mwingine anasema ni mradi wa pembeni tu. Sisi hapa watu wa bendi tatu pamoja na waimbaji wawili wa kwaya tunataka kutengeneza kitu cha namna hiyo, hadithi moja albamu nzima. Hawa jamaa walifanyaje mpaka ikashikana? Halafu mwenzetu mmoja mlokole anaogopa, anasema humo kuna uchawi na Papa anatukanwa. Na tukifanya, tutumie jina gani?

JIBU: Nzuri tu kijana wangu, poleni na mvua za huko Masaba.

Nianze na hilo la bendi maana ukilishika hilo mengine yananyooka yenyewe. Avantasia kwenye albamu hiyo unayoisikiliza sio bendi. Ni mtu mmoja, Mjerumani anaitwa Tobias Sammet, mwimbaji wa bendi ya Edguy ya mji wa Fulda, ambaye mwaka 1999 akiwa barabarani kwenye ziara na wenzake alianza kuandika vitu ambavyo havikuwa vya bendi, vilikuwa vya hadithi. Albamu ikatoka Januari 2001, jamaa ana miaka 23, na sehemu ya pili ikafuata 2002. Mpango ulikuwa iishie hapo. Haikuishia, ilifufuka na The Scarecrow mwaka 2008 na ikaendelea mpaka Here Be Dragons ya 2025, wakati Edguy yenyewe albamu yao kamili ya mwisho ni ya 2014. Kwahiyo cha pembeni kiliishia kukaa katikati, hilo mlijue nyie wa bendi tatu kabla hamjaanza, maana kuna bendi mama itakuja kununa.

Sasa mtu akisikia mradi wa pembeni anapata picha ya marafiki wamekaa studio, kila mmoja na wimbo wake mfukoni, wanachanganya. Ile albamu haikupikwa hivyo. Sammet aliandika hadithi, akaandika muziki na maneno, kibodi na mipango ya okestra akashika mwenyewe (nakutajia hilo makusudi, watu wa kibodi huwa mnasukumwa nyuma ya jukwaa), halafu akaweka mgongo wa watu watatu tu: gitaa ni Henjo Richter wa Gamma Ray, besi Markus Grosskopf wa Helloween, drami Alex Holzwarth wa Rhapsody. Wapo wageni wa gitaa na piano hapa na pale lakini mgongo ni hao. Ndio maana waimbaji wanaingia na kutoka na bado unasikia kitu kimoja, kwa sababu chini hakuna kinachobadilika, ni mikono ileile na ngoma ileile, na juu yake kuna mwandishi mmoja anayejua kila mtu anaingia kusema nini. Mimi hilo ndilo nalishika kuliko yote kwenye albamu hii. Majina makubwa yalisaidia kuuza, tusidanganyane, lakini sio yaliyoishikanisha.

Hadithi yenyewe sasa, maana bila hadithi utaendelea kuhesabu sauti tu. Mwaka ni 1602, mji ni Mainz, Ujerumani. Kijana Gabriel Laymann ni mnovisi, yaani mwanafunzi wa utawa, wa shirika la Wadominiko la Kanisa Katoliki, yeye na mlezi wake Bruda Jakob wanawinda wachawi. Anakuja kugundua kwamba mmoja wa walioshikwa ni Anna Held, dada yake wa kambo. Kichwa kinaanza kuuliza maswali, anaingia maktaba anasoma kitabu alichokatazwa, anakamatwa, anatupwa gerezani. Humo ndani anakutana na mzee Lugaid Vandroiy, druidi, yaani kuhani wa ile dini ya kale ya Waselti kabla ya Ukristo, naye anamwambia kuna dunia nyingine inaitwa Avantasia, dunia ya mawazo ya binadamu, na wakubwa wa Roma wanataka kutumia kile kitabu kwa jambo ambalo litakata njia kati ya dunia hizo mbili. Mzee anataka msaada wa kuiokoa Avantasia, kijana anataka dada yake atoke, wanapatana, wanatoroka, Gabriel anavuka ng'ambo. Huko anapokelewa na Elderane, kiumbe wa msituni wa hadithi za Ulaya, na Regrin, mmoja wa wale watu wafupi wenye ndevu wa hadithi hizohizo. Sehemu ya kwanza inaishia kwenye mnara, na Anna bado yuko ndani, kwahiyo usinilalamikie kwamba imekatika katikati, ni kweli imekatika katikati, sehemu ya pili ndio inamalizia.

Kitu kinachonifurahisha hapo ni kwamba jamaa hakuvuta kila kitu hewani. Papa wa kwenye hadithi ni Klementi wa 8, na kweli alikuwa Papa toka 1592 mpaka 1605. Askofu Johann Adam von Bicken naye alikuwepo kweli, alikuwa Askofu Mkuu wa Mainz 1601 mpaka 1604. Wimbo wa nne, kile kipande kifupi kinachoitwa Malleus Maleficarum, umebeba jina la kitabu cha kuwindia wachawi kilichoandikwa miaka ya 1480 na Heinrich Kramer, ambaye alikuwa Mdominiko, shirika lilelile la Gabriel. Na Fulda, huko anakotoka Sammet, nako moto uliwaka vibaya, kati ya 1603 na 1606 chini ya abate mtawala Balthasar von Dernbach waliuawa watu zaidi ya 200 kwa kesi za uchawi. Yaani dunia ya kufikirika imesimamishwa juu ya ardhi ambayo ina mifupa ya kweli. Wengi wanaoiga pawa metali, yaani aina hii ya metali ya kasi, wanaruka hapo, wanaanza moja kwa moja na joka na upanga, halafu wanashangaa mbona msikilizaji haumii.

Haya, sauti. Sammet mwenyewe ndiye Gabriel, huyo yuko karibu kila mahali, sauti yake ina mkwaruzo kidogo. Lugaid ni Michael Kiske, na huyu ndiye aliyewatoa watu machozi wakati ule, maana aliimba Helloween enzi zile za albamu mbili za Keeper of the Seven Keys, 1987 na 1988, ambazo ndizo zilizochora njia ya pawa metali yote unayoijua, halafu 1993 akatoka Helloween na akajiweka mbali na metali. Alipokubali kumwimbia Sammet kwenye jalada hakuandikwa jina lake, waliandika Ernie. Basi mtu anaweka diski, wimbo wa pili tu, anasikia sauti ile, anajua. Ukichanganya na Kai Hansen anayeimba Regrin, aliyekuwa mwanzilishi wa Helloween kabla ya kwenda kuanzisha Gamma Ray, na Grosskopf kwenye besi, hao ni watatu wa Helloween ya zamani kwenye kazi moja. Na angalia alivyowapanga: aliyekaa mbali na watu ndiye mzee wa gerezani mwenye siri. Nafasi ilikuwa imeshamfaa kabla hajafungua mdomo.

Bruda Jakob ni David DeFeis wa Virgin Steele, Mmarekani, anaimba kama mtu wa jukwaa la maigizo, ananong'ona halafu analipuka. Elderane ni André Matos wa Brazil, aliyeimba Angra, sauti nyembamba safi ya mtu aliyesomea muziki, Mungu amrehemu, alifariki Juni 2019 akiwa na miaka 47. Anna ni Sharon den Adel wa Within Temptation ya Uholanzi. Papa ni Oliver Hartmann, askofu ni Rob Rock, afande wa mji ni Ralf Zdiarstek. Ile sauti ya mnara mwishoni kabisa ni Timo Tolkki, wakati ule wa Stratovarius, na yeye ni mpiga gitaa. Kwenye sehemu ya pili utamkuta pia Bob Catley wa Magnum, mzee aliyezaliwa 1947, kapewa kuwa mti, Mti wa Maarifa, na kusema kweli hakuna mwingine ningempa.

Kwahiyo usiisikilize mfululizo kwanza. Ina nyimbo 13 lakini nne kati ya hizo ni vipande vifupi vya kuunganisha. Anza na Reach Out for the Light, hapo ni wawili tu, Sammet na Kiske, jifunze kuwatenganisha, yule anayepanda juu bila kukwaruza ni Kiske. Ukishawajua nenda Farewell, hapo Sharon anaingia na masikio yanapumzika kwa sababu ndiye mwanamke pekee mwenye nafasi. Halafu Inside, ya taratibu, piano, Sammet na Matos na Hansen, hapo drami hazikusumbui, unasikia kila mtu alivyo. Baada ya hapo ndio uingie The Glory of Rome ambako wanasongamana kama taksi ya Old Taxi Park ya Kampala saa kumi na mbili jioni. The Tower acha mwisho, inakaribia dakika 10 na ukiiingia bila kuwajua watu utasikia kelele tu. Avantasia, wimbo wenye jina la mradi, weka popote, ule unajieleza.

Huyo mwenzenu mlokole mwambie hivi, na usimcheke. Ni kweli Papa na askofu ndio wabaya wa hadithi. Lakini wanaoitwa wachawi humo ndio wanaoonewa, hakuna anayefundishwa kuroga, hakuna shetani anayesifiwa, ni hadithi ya kijana wa kanisa anayekuta wakubwa wake wanatumia jina la Mungu vibaya. Na aliyeimba sehemu ya askofu, Rob Rock, ni Mkristo anayejulikana duniani kote kwa metali ya Kikristo. Aliimba mtu mbaya akarudi nyumbani na imani yake. Sasa kama bado moyo wake haukubali msimlazimishe, mpeni besi, au mpeni nafasi ya mtu mwema, tena hadithi inahitaji mtu anayeamini kweli anachokiimba.

Tuje kwenu. Ulichouliza kama lazima mwende kwa hadithi za Wazungu hukukiandika lakini nimekisoma katikati ya mistari. Sio lazima kabisa. Wimbo mrefu wa hadithi kwetu haumshtui mtu, wazee wa kadongo kamu, muziki wa hadithi wa Uganda, wamefanya hivyo kwa gitaa moja miaka mingi, msikilize tena Paulo Kafeero kwenye Walumbe Zaaya uone mtu anavyobeba kifo wimbo mzima bila wewe kuangalia saa. Na metali yenye giza na hadithi Kampala ipo, Vale of Amonition wanapiga dumu metali, nzito na taratibu, tofauti na hiyo unayoitaka, lakini wamethibitisha kwamba msikilizaji wa nje hajali umetoka wapi.

Mfano wa hadithi ninayoiona mimi ni ya Kitara, ufalme wa kale wa magharibi mwa Uganda. Nyamiyonga mfalme wa kuzimu anataka undugu wa damu na mfalme Isaza, damu kwenye mbegu ya kahawa, Isaza anakwepa anamsukumia mtumishi wake Bukuku anywe badala yake. Nyamiyonga anagundua, anamtuma binti yake Nyamata juu duniani, anamvuruga Isaza, anarudi na mimba, na mwishowe Isaza anafuata ng'ombe aliowapenda mpaka wanazama ardhini naye anazama nao, harudi tena. Bukuku mlinda lango anakalia kiti. Waaguzi wanamwambia jihadhari na mtoto wa binti yako Nyinamwiru, anamtoboa jicho anamkata sikio anamfungia ndani, na bado Isimbwa, mtoto wa Isaza aliyezaliwa kuzimu, anamfikia, anazaliwa Ndahura, analelewa kwa mfinyanzi, anakua, anamchoma Bukuku mkuki. Sasa niambie hapo kinakosekana nini! Lango lipo, dunia mbili zipo, mkataba uliovunjwa upo, mwanamke aliyefungwa yupo. Nyamiyonga mpeni mwenye sauti ya besi nzito asiimbe haraka, Bukuku mtu wa mkwaruzo, Nyinamwiru huyo dada wa kwaya, Ndahura mwenye sauti ya tena (tenor) ya juu. Lakini nyie ni watu wa Masaba, mna zenu mnazozijua kuliko mimi wa Kampala, chukueni ile ambayo bibi zenu wanaweza kuwasahihisha.

Kazi yenyewe ifanyike kwa mpangilio huu na msiruke. Mtu mmoja aandike. Mmoja, wawili mwisho, na wa pili awe wa maneno. Kamati ya bendi tatu ikiandika mtapata albamu tatu fupi. Huyo mwandishi, nadhani ni wewe maana ndiye umesumbuka kuandika swali, atengeneze kila wimbo mzima kwenye kompyuta kwa kibodi, drami za programu, na aimbe yeye mwenyewe sehemu zote hata kama sauti ni mbaya, ziwe za kuelekeza tu. Hapo ndio mwite waimbaji, mmoja mmoja, ajaribu, na kii ya wimbo, yaani kimo chake cha sauti, ibadilishwe imfuate mwimbaji. Gitaa na besi zisirekodiwe kabla kii haijakubaliwa, nimeona miradi imekufa hapo, gitaa tamu kabisa limeshalipiwa na mwimbaji hafiki kwenye kiitikio cha mwisho, halafu ukimlazimisha anapiga kelele na watu wanadhani ndio metali.

Drami ndio shida yenu kubwa. Muziki huu unakimbia, mapigo 160, 170, hata 180 kwa dakika, na pedali mbili za besi zinapiga bila kupumzika, mpiga drami wa bendi ya sherehe au ya kanisa hata akiwa mzuri hatafika hapo kwa miezi michache. Tumieni drami za programu, ila zikae na mpiga drami wa kweli pembeni akisema hapa mkono haufiki, hapa binadamu angepumzika. Besi ifuate mguu wa drami, sio gitaa. Na wewe kwenye kibodi usijaze kila pengo, acha nafasi kwenye beti, ingia kwa nguvu kwenye kiitikio.

Kwenye kiitikio ndipo mlipo matajiri na hamjui. Wazungu wanatafuta kwaya ya kukodi, nyie mnao watu wa kwaya ndani ya kundi. Andikeni sauti nne kwa solfa kama mnavyofanya kanisani, watu wanne waimbe kila mstari wa sauti yao mara nne, hizo ni sauti 16 tayari, zipangeni kushoto na kulia, huyo ndio ukuta unaousikia kwenye viitikio vya pawa metali. Wasiimbe na mtetemo mwingi wa sauti, na herufi za mwisho wakate pamoja, la sivyo inakuwa uji.

Kama kila mtu anarekodi kwake, mwingine Mbale mwingine Jinja mwingine Kampala, basi wote watumie kliki moja (mapigo ya kuongozea masikioni) na mpangilio mmoja wa faili, WAV ya biti 24 na 48 kHz, na kila faili lianzie mwanzo kabisa wa wimbo hata kama mtu anaimba dakika ya tano tu, ili mimi au fundi mwingine akizitupa ndani zikae zenyewe bila kupapasa. Msitumiane kwa programu za meseji zinazobana sauti. Data itaumiza, najua, tumieni usiku.

Jina. Msitumie la bendi yoyote kati ya tatu, hapo ndio ugomvi unapoanzia, na wala msiunganishe majina matatu. Upeni mradi jina lake kutoka kwenye hadithi, na kila mwimbaji aandikwe jina lake, bendi yake, na mhusika wake. Halafu karatasi, kabla ya maiki: nani mtunzi, nani mwimbaji tu, nani atalipwa mara moja na nani ana asilimia. Sheria ya hakimiliki ya Uganda ya 2006 inatenganisha haki za mtunzi na za mwimbaji au mpigaji, kwahiyo nanyi tenganisheni, mkamilishe usajili URSB, ofisi ya serikali ya usajili, na mtunzi ajiandikishe UPRS, chama cha kukusanya mirabaha ya watunzi. Walokole na wasio walokole wote wasaini.

Ukishamaliza nyimbo tatu za kwanza kwa sauti ya kuelekeza nitumie nizisikilize, na uniandikie tempo na kii ya kila mmoja pamoja na jina la mhusika anayeimba kila beti.